Mwongozo kamili wa kulea watoto wadogo nyumbani bila haraka

Walezi wanaonitafuta hapa Dodoma, kutoka Nkuhungu, Ipagala, Kizota na hata Mpwapwa, wanakwama palepale. Wamenunua midoli, wamebandika herufi ukutani, wamepanga ratiba ya nyimbo. Bado ikifika saa tano asubuhi nyumba nzima ni kilio, uji umemwagika, televisheni imewashwa na mlezi amechoka kama aliyeshinda shambani. Kisha wananiuliza waongeze nini.

Ninachowaambia ni kupunguza. Haraka imejificha kwenye kazi za mwili: kubadilisha nepi, kutawaza, kulisha, kuogesha na kulaza. Mlezi huzifanya mbiombio ili apate muda wa "kumfundisha" mtoto, ilhali mtoto wa chini ya miaka mitatu hujifunza mengi zaidi katika kazi hizohizo. Mwongozo huu unapindua mpango mzima. Kazi za mwili utazifanya polepole, ukiwa na mtoto mmoja kwa wakati. Baada ya hapo mtoto aliyeshiba na kutulia ataachwa acheze mwenyewe mahali salama, nawe utapata nafasi ya kupumua.

Nimemwandikia mama, bibi, dada wa kazi na yule anayepokea watoto wachache wa majirani. Kwa maoni yangu mlezi mmoja asizidishe watoto wanne, na kati ya hao walio chini ya mwaka mmoja na nusu wasizidi wawili. Ukizidisha hapo, hakuna hatua hata moja utakayoiweza.

Kama unapokea watoto kwa malipo, muone afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri mapema. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa huyo ndiye atakayekueleza nyumba yako inahitaji nini.

## Vitu vya kuandaa

- Mkeka au jamvi kubwa linalofuliwa, pamoja na kanga mbili kuukuu.
- Kigoda cha mlezi. Ukiinama kutwa mgongo utauma, na anayeumwa mgongo huharakisha.
- Beseni mbili, jagi na sabuni ya kipande.
- Kibuyu chirizi: kidumu cha lita 5 kilichotobolewa kitundu, kikaning'inizwa kwenye miti na kufungwa kamba ya kukanyagia. Kwa maji yetu ya mgao, hakuna kifaa kinachookoa maji kama hiki.
- Kitambaa cha uso cha kila mtoto, kilichoshonewa uzi wa rangi yake. Usikitumie kwa watoto wawili. Kongwa na sehemu nyingine za mkoa huu zimesumbuliwa sana na vikope, na ugonjwa huo husafiri kwa vidole, nzi na vitambaa vya kuchangia.
- Nepi za kitambaa au pampasi, poti, na ndoo yenye mfuniko unaobana.
- Vikombe vidogo vyepesi, na vijiko vidogo viwili kwa kila mtoto anayelishwa.
- Kapu la kuchezea: vifuniko vya sufuria, mwiko, kibuyu kikavu, vipande vya kitenge, vibakuli vya plastiki vinavyoingiliana, vikapu vidogo vya ukindu.
- Daftari na kalamu.
- Pakiti za ORS (dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), namba ya simu ya kila mzazi, na nakala au picha ya kadi ya kliniki ya kila mtoto.

Kitu chochote kinachopita ndani ya lile bomba la boksi la katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Pitisha vitu vyote vya kapu hapo kwanza. Mbegu za ubuyu, vifuniko vya soda, betri za saa na sarafu visiwepo kabisa.

Kigari cha kujifunzia kutembea usinunue. Kinampeleka mtoto kwenye jiko na ngazi kabla hajawa na akili ya kuviogopa, na hakimfanyi atembee mapema.

## Hatua ya 1: Tazama siku yako ilivyo

Kwa siku mbili tatu usibadilishe kitu. Weka daftari karibu, na kila unapojikuta unasema "haraka", "njoo hapa" au "acha", andika saa na ulichokuwa unafanya.

Wengi hugundua kwamba kelele zimekusanyika sehemu tatu: asubuhi watoto wanapopokelewa, saa sita hadi saa nane mchana, na saa moja ya mwisho kabla wazazi hawajarudi. Saa nyingine ni nzuri tu. Maana yake huna sababu ya kuibadilisha siku nzima, una vipande vitatu vya kurekebisha.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumwambia mtu bila kufungua daftari: "Kwangu shida inaanza saa fulani, na huwa nafanya kazi fulani."

## Hatua ya 2: Ondoa kazi za nyumba kwenye saa za watoto

Huwezi kumlisha mtoto taratibu huku maharage yanaungua. Pika vinavyochukua muda jioni ya jana yake au alfajiri. Mboga ya mchana iwe ya dakika chache, na sisi wa Dodoma tuna bahati ya mlenda.

Maji yachotwe na kufunikwa siku yanapotoka. Kufua kusogezwe muda watoto wamelala au wameondoka. Jiko la mkaa likae mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki hata ukigeuza kisogo, na lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi ya Julai iwe kali vipi.

Onyo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya kina cha kiganja, na huzama kimya. Ndoo, beseni na madumu yaliyokatwa midomo yafunikwe au yamwagwe mara tu baada ya kutumika.

## Hatua ya 3: Tenga eneo ambalo hutasema "acha"

Chagua kona ya sebule au ya uwani yenye kivuli, ya ukubwa wa mkeka mmoja au miwili. Lala chali hapo, kisha tambaa. Waya wa chaji, msumari, kona ya meza, dawa ya mende nyuma ya kochi, vyote utaviona ukiwa chini. Viondoe mpaka ufike mahali ambapo mtoto akiwa peke yake hapo kwa dakika kumi, wewe ukiwa unamsikia na kumwona, hakuna litakalokulazimu kumkataza.

Mlezi anayekataza kutwa hawezi kuwa mpole, hata awe na moyo gani. Anaishiwa. Eneo hili ndilo litakalokurudishia sauti yako ya kawaida.

Kuanzia Juni upepo wetu hubeba vumbi jingi, kwa hiyo sakafu ipitishwe kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiwa watoto wakiwepo. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, mkeka wa nje uuinue na kuukung'uta kila asubuhi, maana nge hupenda kujificha chini yake.

Utajua umefanikiwa ukikaa kwenye kigoda chako kwa robo saa bila kuinuka kwenda kumnyang'anya mtoto kitu.

## Hatua ya 4: Nepi na kutawaza

Hapa ndipo wengi wanapofeli, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara nyingi kwa siku, kwa miezi na miaka. Hakuna somo lingine atakalolirudia mara zote hizo akiwa uso kwa uso na mtu mzima. Akishikwa kama mzigo, anajifunza kwamba mwili wake ni wa watu wengine kuvuta na kugeuza. Akiambiwa na kusubiriwa, anajifunza kusema, kushirikiana na kuamini. Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Budapest nchini Hungaria, aliyeanzisha makao ya watoto mwaka 1946, aliujenga ulezi wake wote juu ya jambo hili. Na katika programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa hapa Dodoma Desemba 2021, malezi yenye mwitikio, yaani kuzisoma dalili za mtoto na kumjibu, ni moja ya nguzo tano, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Fanya hivi, kwa mpangilio huuhuu kila mara:

1. Andaa kila kitu kwanza: maji ya vuguvugu, kitambaa, nepi safi, mafuta. Ukiondoka katikati kwenda kutafuta sabuni umeharibu kazi.

2. Msogelee kwa mbele, akuone. Usimnyanyue kwa nyuma. Akiwa anacheza, chuchumaa na usubiri atulie kidogo.

3. Mwambie: "Nepi yako imelowa. Nataka kukubadilisha." Mnyooshee mikono yote miwili, viganja juu.

4. Subiri. Hesabu moyoni polepole mpaka nane. Hapa ndipo walezi huona aibu kidogo na kuharakisha. Usiharakishe. Mtoto wa miezi minne anahitaji muda wa kusikia, kuona mikono na kuukaza mwili ajiandae kubebwa. Utamwona shingo inakaza, miguu inakunjika, macho yanatoka kwenye mikono yako yanapanda usoni pako. Hapo mbebe.

5. Mlaze chini kwenye mkeka, si kitandani wala mezani. Mtoto hujigeuza mara ya kwanza siku usiyoitarajia, na chini hana pa kuanguka.

6. Taja kila unachotaka kufanya kabla ya kukifanya, kwa maneno machache. "Navua suruali. Mguu huu." Gusa mguu huo, ngoja. Usimwinue kwa kumshika vifundo vya miguu. Mwambie "inua makalio", kisha pitisha kiganja chini ya nyonga umsaidie.

7. Mtoto wa kike mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha mikunjo ya mapaja kwa kugusagusa, bila kusugua.

8. Mwonyeshe nepi safi, mwache aishike. Akiibana kifuani, subiri, kisha omba: "Naomba nepi." Siku moja atakupa.

9. Nawa mikono kwa sabuni, naye umnawishe. Mrudishe alipokuwa.

Zungumza lugha inayokutoka moyoni. Kama ni Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, sema hiyo. Mlezi anayejilazimisha Kiingereza cha kubabaisha ili mtoto "asiachwe nyuma" hatimaye anasema maneno mawili tu kutwa nzima.

Ukiwa na watoto wanne, wahudumie kwa zamu isiyobadilika. Wa kwanza jana awe wa kwanza leo. Baada ya wiki kadhaa walio nyuma hawalii tena, kwa sababu wanajua zamu yao inakuja na haitarukwa. Wa miaka miwili na kuendelea ataanza mwenyewe kwenda kuchukua nepi yake.

Mkubwa anayetumia poti naye ana haki hizohizo. Usimwite mbele za wenzake "umejikojolea tena". Mwambie kwa sauti ya chini, mkabadilishe pembeni. Anayejaribu kuvaa chupi mwenyewe mwache ahangaike. Shika ukingo wa nyuma tu, yeye avute mbele.

Utapingwa. Bibi mmoja aliyekuja kutoka Bahi kumtembelea mjukuu alinitazama nikisubiri mbele ya mtoto, akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, huyu utamdekeza. Mbebe, maliza kazi."

"Naam bibi. Ngoja tu umwone."

Mtoto akanyoosha mguu wa kulia mwenyewe ukaingia kwenye suruali. Bibi akavuta kigoda akakaa. Kesho yake alitaka amvalishe yeye. Wazee wetu hawahitaji kuhutubiwa, wanahitaji kuona, kwa hiyo usibishane nao. Wakaribishe wakati wa nepi.

Onyo. Polepole haimaanishi kumwomba mtoto ruhusa ya kila jambo. Nepi yenye kinyesi itabadilishwa hata akikataa. Mwambie hivyo kwa utulivu: "Naona hutaki. Lazima nikusafishe, nitafanya taratibu." Kisha fanya.

Utajua umefanikiwa mwili wa mtoto ukilegea mikononi mwako. Mabega yanashuka, vidole vinafunguka. Baadaye atainua makalio kabla hujasema. Wengine huonyesha hayo baada ya wiki mbili, wengine zaidi ya mwezi, hasa waliozoea kuvutwavutwa.

## Hatua ya 5: Kulisha

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Mama anayefanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anaweza kukamua na kukuachia. Mpe mtoto kwa kikombe kisafi, maana chupa na chuchu zake ni ngumu kusafisha kwa maji haba. Baada ya miezi sita anza chakula laini huku kunyonya kukiendelea hadi miaka miwili na zaidi. Wa miezi 6 hadi 8 ale mara mbili au tatu kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 mara tatu au nne, pamoja na kitu kidogo katikati.

Unga kwanza, kwa sababu hapa kosa huua. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakiwemo watoto. Inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri, na kupika hakuiondoi. Mahindi na karanga ndizo hushambuliwa zaidi. Usinunue unga wa lishe usiojua umesagwa lini na kwa nafaka ya nani. Nunua nafaka, kaa chini uchambue punje kwa punje, tupa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha peleka mashineni kiasi cha wiki chache tu. Uwele, mtama na ulezi vikitangulia kwenye uji wako, na karanga nzuri kidogo, umepunguza hatari.

Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Uji mwepesi unajaza tumbo bila kushibisha.

Kulisha kwenyewe kunaendeshwa hivi. Asiyeweza kukaa mwenyewe mpakate, mgongo wake umeegemea mkono wako, uso wake uuone. Mpe kijiko kimoja akishike, cha pili tumia wewe. Mwonyeshe uji kabla ya kuupeleka mdomoni, usubiri afungue mdomo. Akigeuza uso, simamisha. Akigeuza mara ya pili, ameshiba au anapumzika. Mlishe mmoja mmoja kwa wale wadogo, wengine wakiwa mkekani. Wakubwa wa miaka miwili na nusu kwenda mbele wanaweza kula pamoja, kila mmoja na sahani yake, ili umwone anayekula kidogo.

Onyo kubwa. Kumlaza mtoto, kumbana mikono na kumkingia kiganja mdomoni mpaka ameze, au kumbana pua, kuache leo. Uji ukiingia kwenye mapafu unaua. Na hata usipoua, mtoto anaanza kukichukia chakula, nawe unazidi kumlazimisha, na nimeona nyumba ambazo kila mlo umekuwa vita kwa sababu hiyo.

Msimu wa zabibu jihadhari sana. Zabibu nzima huziba koo sawasawa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ikate kwa urefu vipande vinne. Karanga nzima zisitolewe kabisa, zisagwe. Asali, hata ile nzuri ya Manyoni, isubiri mpaka mtoto afikishe mwaka.

Mlenda na ugali laini wa uwele ni chakula kizuri cha kujifunzia kula kwa mkono. Utamchafua mpaka nywele. Tandika kanga kuukuu, nawa naye, na umwachie.

Utajua umefanikiwa mlo ukianza na kuisha bila mtu kulia, na mtoto akifungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

## Hatua ya 6: Mchezo wake mwenyewe

Ukishamaliza nepi na chakula kwa utulivu, mtoto amejaa. Mlaze chali kwenye lile eneo la hatua ya 3, weka vitu viwili vitatu karibu na mkono wake, uondoke hatua chache.

Usimkalishe kabla hajajikalisha. Mtoto aliyezungushiwa mito amekwama: hawezi kufuata kitu kilichobingirika wala kujilaza akichoka. Anayejigeuza, akajivuta, akatambaa, akakaa mwenyewe na kusimama dede kwa wakati wake huanguka kidogo na hujua kuanguka. Mgeuze kifudifudi pia mara kadhaa kwa siku akiwa macho, ukiwa karibu. Kama kuna hatua anachelewa sana nayo, peleka swali kliniki siku ya kupima uzito.

Kaa na daftari, andika unachoona: "Amegonga kifuniko kwenye kibuyu. Amesikia sauti tofauti. Amerudia. Ametazama mkono." Kuandika kunakuzuia usiingilie. Usipige makofi kila akifanya kitu, na usimwonyeshe "namna sahihi" ya kutumia kibuyu.

Televisheni na simu zizimwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi muda wowote wa skrini kwa mtoto asiyefikisha miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne muda huo usizidi saa moja kwa siku. Siku za mwanzo ukimya utakuwa mzito, hasa kwako. Mtoto aliyezoea katuni atalalama. Kaa karibu naye bila kumletea mbadala kila dakika.

Wawili wakigombania mwiko, nenda ushuke chini walipo. Sema unachokiona: "Wote mnautaka mwiko." Weka mkono wako katikati kama kuna anayetaka kuuma au kupiga, na usubiri. Mara nyingi mmoja huachia. Usikimbilie kuamua mwenye haki.

Kulia ni jambo jingine. Anayelia anafuatwa, kila mara.

## Hatua ya 7: Usingizi

Mlaze mchanga chali, chini ya chandarua, bila mto wala blanketi zito. Wa miaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na za mchana, wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Tumia dalili za mtoto kuliko saa ya ukutani: anasugua jicho, anavuta sikio, anaangusha vitu. Wimbo uwe mmoja, uleule, wa sauti ya chini.

## Hatua ya 8: Kupokea na kukabidhi

Wazazi wanaowahi Mtumba hufika saa 12 na dakika chache, bodaboda inaunguruma getini. Waombe mapema, siku ya makubaliano, wakupe dakika kumi. Uliza mambo matatu: amelalaje, amekula nini, ana dalili gani ya ugonjwa. Mpokee mtoto kwa mikono iliyonyooshwa, ukisubiri kama kwenye nepi.

Usimruhusu mzazi kutoroka kimyakimya. Mtoto anayegeuka na kukuta mama hayupo hulia kidogo siku hiyo, kisha hugoma kuachia nguo ya mama wiki nzima. Mama aage: "Naenda kazini, nitarudi baada ya uji wa jioni." Atalia. Mbebe, mwambie unajua anamtaka mama.

Jioni mpe mzazi jambo moja uliloliandika, dogo na la kweli. "Leo amefunua sufuria na kuifunika mwenyewe mara nyingi." Mzazi huyo kesho atakuja dakika tano mapema.

## Mambo yakienda kombo

Mtoto anaharisha. Mpe ORS kidogokidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na apatiwe kituo cha afya zinki ya siku 10 hadi 14. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, macho yakidumbukia au kukiwa na damu kwenye kinyesi, ni hospitali mara moja.

Uvumilivu umekuishia. Mlaze mtoto mahali salama, toka mlangoni, nawa uso, pumua, mpigie jirani. Usimtikise mtoto kamwe. Kumtikisa mchanga huumiza ubongo. Kiboko na makofi havina nafasi katika malezi haya. Ukihisi mtoto anafanyiwa ukatili popote, piga 116, bila malipo.

Umejaribu kila kitu kwa wakati mmoja na umechoka. Rudi kwenye nepi peke yake. Wiki mbili ufanye hatua ya 4 tu, mengine yaende kama zamani. Ikitulia, ongeza kulisha. Karibu wote wanaofeli wameanza na hatua zote Jumatatu moja.

## Ukiletewa mtoto mpya

Mtoto mpya huvuruga hata nyumba iliyotulia, kwa hiyo asipokelewe kutwa siku ya kwanza. Siku mbili za mwanzo mama akae naye kwako saa moja, mama ndiye ambadilishe na kumlisha, wewe utazame anavyomshika na maneno anayotumia. Siku ya tatu fanya wewe, mama akiwa pembeni. Ya nne mama aage, aende dukani arudi. Ongeza muda taratibu, na usipokee mwingine ndani ya wiki hizo. Mtoto akikubali kula na kutawazwa na wewe, mama akiwa ameaga na kuondoka, ndipo mwambie mama kesho anaweza kwenda kazini siku nzima.